Mpe Pesa ya Matumizi, Kisha Nyamaza

Kuna miezi ambayo familia nyingi za Tanzania huiacha ipite bure. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na wanaochaguliwa kwenda kidato cha tano huanza Julai. Wa kidato cha sita humaliza Mei. Anayekwenda JKT kwa mujibu wa sheria huenda na kurudi, kisha hungoja chuo mpaka Oktoba au Novemba. Katikati hapo kijana hupandishwa basi kwenda mjini kwa mjomba, kwa shangazi au kwa mama mdogo, "akae kidogo huku akisubiri." Na kweli husubiri. Anaamka, anafagia uwanja, anashika simu, anakula, analala. Siku ya kuondoka begi linafungwa, na mtu ambaye hajawahi kununua umeme hata wa shilingi 2,000 anategemewa akaishi peke yake Dodoma, Morogoro au Mbeya, kwa bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, linaloingia kwa mkupuo na kutakiwa limfikishe wiki nyingi mbele.

Nawaandikia ninyi mnaompokea kijana huyo. Wazazi wana nafasi yao, lakini ndugu anayekaa naye mjini anaweza kufanya jambo ambalo mara nyingi humshinda mzazi. Mama akimwona mwanawe anakula ugali na dagaa siku ya tatu mfululizo, atafungua pindo la khanga atoe pesa. Shangazi anaweza kuvumilia, mradi ajue anachokivumilia.

Katika nyumba zetu kijana wa ndugu huwekwa katika mojawapo ya nafasi mbili. Ama ni mgeni, hasa akiwa wa kiume na amefaulu: hapiki, hafui mashuka, haulizwi bili ya maji inalipwaje. Ama ni mtumishi asiye na mshahara, hasa akiwa wa kike: anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, anaweza kupika pilau la shughuli nzima, lakini hajawahi kushika noti ya elfu kumi bila kuambiwa ni ya kununulia nini. Wote wawili huondoka hawajui kuishi peke yao. Huyu wa pili ndiye anayetudanganya zaidi, kwa sababu tukiona anachapa kazi tunasema, "Huyu hata ukimtupa wapi ataishi." Anajua kufuata orodha ya mtu mwingine, kuipanga yake hajapata kufundishwa. Ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tumeufuata nusu: jembe tunampa, ila kuamua kupandwe nini na lini tumejiwekea wenyewe.

Kazi za nyumbani lazima azifanye, wa kike na wa kiume, hilo halina mjadala. Ila kinachomkomaza ni kuachiwa aamue, kisha akutane na matokeo ya uamuzi wake angali ana kitanda cha kulala na watu wa kula nao.

Mahali pazuri pa kuanzia ni pesa ya matumizi ya nyumba. Simaanishi pesa yake ya mfukoni. Pesa ya mfukoni ikiisha anakunja uso siku mbili, basi. Pesa ya matumizi ikiisha, nyumba nzima inajua, na hapo ndipo anapoona kwamba kuna watu wanaokula kwa hesabu zake.

Mpwa wangu alipokuja Dar es Salaam kusubiri chuo, nilimkabidhi shilingi 70,000 Jumapili jioni, mbele ya wote, iwe chakula cha watu wanne mpaka Jumapili inayofuata. Sharti lilikuwa moja: haiongezwi. Jumatatu tulikula kuku. Jumanne wali na samaki wa kukaanga, na soda juu. Jumatano alichelewa kurudi, akanunua chipsi mayai za watu wote. Alhamisi mchana akaja akasimama mlangoni.

"Shangazi, hela imebaki elfu nne na mia tano."

"Jikoni kuna nini?"

"Unga upo. Maharage kidogo, na dagaa."

"Basi hatutalala njaa."

Mume wangu alitaka kumwongezea elfu kumi kimyakimya, nikamsihi asifanye hivyo. Tulikula ugali na maharage, ugali na dagaa, ugali na mchicha, mpaka Jumapili, na hakuna aliyemnunia. Wiki ya pili alikwenda soko la Buguruni asubuhi badala ya kununua nyanya za mafungu kwenye genge la jirani saa kumi na mbili jioni. Mchele akanunua kilo tano kwa mara moja. Akagundua kwamba maharage yakilowekwa usiku huiva kwa gesi kidogo, jambo ambalo alikuwa amelisikia nyumbani kwao tangu utoto bila kulijali, na akaanza kufunika sufuria. Mtungi wetu mdogo wa kilo sita ukaanza kudumu siku nyingi zaidi. Sikumfundisha hata moja kati ya hayo. Nilichofanya ni kumpa pesa na kutoiongeza.

Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, na wengi huharibu hapo. Unampa pesa, kisha unampigia akiwa sokoni: nunua kitunguu cha kule, usichukue kile kibaya, umeuliza bei kwa yule mama? Hapo umemtuma dukani tu, kama ulivyokuwa ukimtuma akiwa na miaka tisa. Mwache anunue kitunguu kibovu. Jumapili kaeni dakika chache, umuulize wiki imekwendaje na kitu gani angekifanya vingine, kisha umkabidhi ya wiki nyingine. Daftari la matumizi awe nalo yeye, aliandike kwa namna yake. Akikosea hesabu, hiyo ni sehemu ya kujifunza. Akificha pesa kwa makusudi, hilo ni jambo jingine, na umwambie waziwazi kwamba ni jambo jingine.

Kabla hujaanza, taja mapema mambo utakayomwokoa na yale usiyomwokoa. Ugonjwa utamwokoa, saa yoyote. Usalama wake utamwokoa: akikwama usiku Mbezi hana nauli, apige simu, atafuatwa bila maswali mpaka kesho asubuhi. Ada pia. Pesa iliyoisha kwa chipsi, muda wa maongezi ulioisha, shati jeupe ambalo hakulifua kabla ya usaili, hayo ni yake. Kijana asiyejua mpaka huu uko wapi atafanya moja kati ya mawili: atakuficha hata jambo la hatari, au atakuletea hata jambo la kijinga.

Na wazazi wake waambie kabla. Piga simu, salimia, eleza: "Kaka, nataka kumzoesha kushika pesa na kupanga. Kuna siku atawaambia hapa tunakula maharage tu. Msitume hela." Usipofanya hivyo, wiki ya kwanza tu habari itafika kijijini kwamba mtoto anateswa mjini, na huo utakuwa ugomvi wa ukoo mpaka msibani. Mjomba mwenye busara huomba ruhusa hii mapema, na huirudia kwa bibi pia, maana bibi ndiye anayetuma pesa kwa siri.

Jikoni pakishatulia, mwongezee umeme. Wengi tunaishi na LUKU bila kuifahamu, kwa hiyo jifunzeni pamoja. Mwonyeshe kusoma uniti zilizobaki kwenye mita asubuhi na jioni, aone pasi na jiko la umeme vinavyokula, na friji inavyokula polepole lakini bila kupumzika. Aelewe kwamba mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake ya kawaida hayazidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwa katika kundi la bei ya chini, na kwamba nyumba yenye wapangaji wengi kwenye mita moja ni vigumu kubaki katika kundi hilo. Aelewe pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa kwanza, na wapangaji wengi hugombana juu yake kwa sababu hawakuizungumza siku ya kuingia.

Nyaraka zake azishughulikie mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya NIDA akishatimiza miaka 18, laini ya simu kwa jina lake, akaunti ya benki. Wewe mweleze ofisi iko wapi na abebe nini, basi. Foleni apange yeye, na akirudishwa kwa kukosa barua ya serikali ya mtaa, aende kwa mwenyekiti wa mtaa mwenyewe akajitambulishe. Hili la laini wengi hulipuuza. Vijana wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mama mdogo au kaka. Simu ikiibwa, mwenye vidole ndiye anayetakiwa kwenda kuirudisha laini, na kama yuko Sumbawanga, pesa iliyomo inakaa humo na ujumbe wa mkopo wa chuo au wa usaili unapita hewani. Mtu wa miaka 19 ambaye laini yake si yake kisheria bado yuko mgongoni kwa mtu.

Sasa lile linalonitia hofu kuliko yote: simu hiyohiyo inamkopesha. Zamani kijana asiye na kazi hakukopeshwa na mtu. Leo kabla hajapata kazi yuko tayari kwenye mkopo wa mtandao wa simu, na akishindwa huko anapakua programu inayotoa elfu hamsini kwa dakika tano. Nyingi kati ya programu hizi huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake. Akichelewa kulipa, wewe, mchungaji au shehe wake, na msichana aliyesoma naye mnapigiwa simu au kutumiwa ujumbe kwamba yeye ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mwonyeshe namna ya kuhesabu: umepewa ngapi mkononi, utarudisha ngapi, kwa siku ngapi. Akope kwako shilingi 20,000 kwa maandishi na tarehe, alipe, aone ugumu wa kulipa pesa iliyokwisha kuliwa. Kuhusu kubeti, usimhubirie. Mwombe aandike kwenye daftari lilelile kila mkeka aliocheza na kila uliorudi, kwa mwezi mzima, kisha ajumlishe mwenyewe. Vijana wetu hukumbuka mkeka mmoja uliotiki na kusahau iliyochanika.

Halafu kuna chumba. Msiende kukitafuta siku anapokihitaji; nendeni mapema, hata kama hapangi sasa, mzunguke na dalali siku moja Tabata, Mbagala au Kimara mkaone. Hapo ndipo atakaposikia hesabu ilivyo. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka miezi sita, ni 360,000 kwa mkupuo. Dalali anachukua ya mwezi mmoja, jumla 420,000, na bado hajanunua godoro, ndoo, sufuria wala neti. Mwambie aandike jumla hiyo ukutani kwake. Kijana aliyekuwa anataka kuhama mwezi ujao kwa sababu mmemkataza kurudi saa sita usiku ataanza kuweka akiba.

Mfundishe kukikagua chumba kwa macho ya mpangaji. Aende mchana, arudi usiku peke yake aone njia ya kutoka kituoni ina mwanga na watu au la. Aende baada ya mvua. Chumba kizuri cha bei nafuu karibu na bonde la Msimbazi kina sababu ya kuwa nafuu, na alama ya maji ukutani haifichwi na rangi mpya ikikaguliwa kwa karibu. Awaulize wapangaji waliopo, hasa mama anayefua uwani: maji yanatoka siku gani? Choo ni cha watu wangapi, na nani anakiosha? Umeme mnachangiaje? Mwenye nyumba anaishi humu au anakuja? Mama huyo atamwambia mambo ambayo dalali hatayasema. Mkataba auombe kwa maandishi, ausome kabla ya kusaini, aone unasema nini kuhusu kupandisha kodi na notisi ya kuhama, na malipo ayafanye kwa njia inayobaki na ushahidi, benki au simu. Akikabidhi fedha taslimu, apewe risiti au sahihi kwenye mkataba. Akishahamia, ajitambulishe kwa balozi na ofisi ya mtaa wiki ya kwanza. Siku akiibiwa au akihitaji barua, hao ndio watakaoulizwa kama wanamjua.

Afya sitaikalia sana, lakini isisahaulike. Akiwa na homa, asikimbilie duka la dawa kununua dawa mseto ya malaria kwa kukisia. Aende zahanati apimwe kwanza, na akikutwa na malaria amalize dozi yote ya siku tatu hata akijisikia nafuu siku ya pili. Awe na neti, thamometa, na namba ya mtu mmoja jirani mwenye kuweza kumpeleka hospitali usiku. Anayeishi peke yake akiugua hana wa kumchemshia uji, na hilo alijue kabla.

Nije kwa mabinti. Wapo wazee wanaosema binti hatoki kwao mpaka aolewe, na wanasema kwa mapenzi. Lakini wasichana wanapangiwa vyuo mikoani, wanapata kazi Mwanza na Mtwara, na hosteli hazitoshi. Binti ambaye hajawahi kushika pesa yake wala kukataa jambo mbele ya mtu mzima huwa windo rahisi kwa mwenye nyumba anayemwambia kodi si tatizo, au kwa mwanamume anayejitolea kumlipia chumba. Nguvu ya kusema "hapana, kodi yangu nitalipa" anaipata nyumbani, kwa kuruhusiwa kubishana na mjomba wake kwa heshima na kusikilizwa. Mnapokwenda kutafuta chumba chake, angalia komeo la ndani, mlango wa choo, na wanaokaa kwenye hiyo korido. Mwambie mbele ya wote kwamba mtu yeyote akimgusa au kumtishia, hata kama ni mzee wa heshima, atakuambia na hutaanza kwa kumuuliza alikuwa amevaa nini. Na mvulana naye mwingizeni jikoni. Mwanamume asiyeweza kujipikia hujikuta akioa ili ale, au akimaliza mshahara kwa mama ntilie na chipsi.

Akipata kazi, kaa naye siku ya hati ya mshahara ya kwanza. Ataona NSSF, kodi ya PAYE, na kama alisomeshwa kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 ya mshahara wa msingi imeondoka. Atashangaa, na huenda tayari ameahidi watu. Msaidie kupanga msaada wa nyumbani kama kitu chenye kiasi na tarehe: kwa mfano shilingi 30,000 kwa mama kila tarehe 28, bila kukosa, na mengine aseme "mwezi huu sina." Ndugu tunahusika hapa kwa aibu kubwa. Kijana amepata kazi mwezi wa kwanza, na sisi tuliomlea tunakuwa wa kwanza kumpigia kuhusu mchango wa harusi na bati za mjomba. Mwacheni anunue godoro kwanza.

Mwisho panga tarehe ya kuhama, mkubaliane wote, mkaiandike. Tarehe hiyo isitokane na ugomvi. Anayeondoka kwa hasira hukopa ili asirudi. Mpeni vyombo vilivyotumika: sufuria mbili, mwiko, beseni, kapeti kuukuu. Mwezi wa kwanza mtembelee baada ya kumpigia simu, kama unavyomtembelea mtu mzima, na ukikuta chumba kimevurugika usishike ufagio. Mruhusu akupikie. Akishindwa, kodi ikamshinda au kazi ikaisha, arudi. Apewe kitanda, na Jumapili inayofuata apewe tena pesa ya matumizi ya nyumba aishike, kama mwanzo.

Wewe uliye na kijana nyumbani sasa hivi anayesubiri matokeo, usingoje afike chuoni. Jumapili hii mwite, mkubaliane kiasi, mkabidhi mbele ya watu wote wa nyumba, umwambie haiongezwi. Wapigie wazazi wake siku hiyohiyo. Kisha usimuulize kitu mpaka Jumapili nyingine.